Mama, Majibu ya Ngozi ya Hamadi Yamefika

Mama, shikamoo.

Ijumaa nilikuja kaburini nikakutolea salamu ya watu wa makaburini kama inavyopasa. Lakini hii ni barua, na mkaza mwana haanzi barua kwa mama mkwe wake bila shikamoo. Nimechukua daftari la hesabu za shule, nimekaa barazani kwako, upande ule usiopigwa na jua la asubuhi. Hamadi yuko juu ya mnazi kwa jirani, namsikia anavyoangua. Amenikataza kukuandikia. Anasema nitalia halafu vitumbua viungue. Vitumbua nimeshamaliza, na kulia nitajua mwenyewe.

Majibu yamefika, Mama. Majibu ya ile ngozi ya Hamadi. Umeondoka ukiyasubiri, na siku zile za mwisho pale hospitali ya Kilindoni bado ulikuwa unaniuliza, "Zuhura, Wazungu hawajapiga simu?" Nami nakujibu bado, Mama, na wewe unasema, "Hawana haraka hao, ngozi si yao." Nilicheka nikiwa nimekushika mkono. Nesi alinikata jicho.

Basi wamepiga. Lakini niache nikusimulie kwa mpangilio, maana mimi nina yangu ya kusema pia. Mengine hatukuwahi kuyasema tukiwa wazima wote wawili.

Umenipokea hapa kisiwani, Kirongwe, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya begi. Mwaka wa kwanza ulikuwa unaniita "mwanangu". Wa pili ukawa unaniita "Zuhura". Wa tatu ukawa huniiti, unasema tu "huyu". Siku ya kufua ulikuwa unapita nyuma ya nyumba kutazama kamba, kuona kama nimeanika vitambaa vya mwezi. Nilijua. Nikawa naanika chini ya kanga, na wewe ukawa unainua kanga. Mama! Leo nacheka, wallahi. Siku zile nilikuwa naingia jikoni nauma mkono.

Nimekunywa makombe ya aya, nimeoga majani, nimefukizwa mpaka nikanuka kama nyumba ya arusi. Na siku moja nikakusikia unamwambia Hamadi, "Mwanangu, dini imekuruhusu, ongeza mke." Hamadi akakujibu, "Mama, huyu mmoja ananitosha kwa maneno." Ulikasirika siku mbili. Mimi nilimpikia pweza.

Halafu akaja Daktari Neema pale Kilindoni. Bara amezaliwa, kanisani anasali, na Kiswahili chake ulikuwa unakicheka kila siku, lakini ndiye mtu wa kwanza aliyenitazama usoni akaniuliza, "Na mume wako amepimwa?" Miaka saba nimepimwa mimi, nimechunguliwa mimi, na hakuna aliyewahi kuuliza swali lile.

Hamadi alikataa. Unakumbuka? Alisimama uani akajipiga kifua, "Mimi napanda minazi thelathini kwa siku, nipimwe nini?" Watu wetu hawatofautishi mtu asiyezaa na mtu asiyeweza, na yeye kuweza anaweza, mimi ni shahidi. Ilichukua miezi minne kumshawishi. Alipokwenda, alikwenda bila kuniaga, akarudi na karatasi imekunjwa mara nane kama hirizi. Hakuna mbegu. Si chache, si dhaifu. Hakuna hata moja.

Ukasema kipimo kibovu. Tukapanda boti mpaka Nyamisati, tukaenda hospitali kubwa Dar es Salaam, wakapima tena na tena. Jibu likawa lile lile. Hamadi alikaa kwenye benchi la nje, akaniambia, "Zuhura, kama unataka talaka yako, sitakuzuia." Nikamwambia ainuke, boti haitungoji. Nilisema hivyo kwa sababu sikuweza kusema jingine.

Mama, sasa nasema lile ambalo sikuwahi kukushukuru.

Wiki tatu baada ya hapo palikuwa na akika ya mtoto mchanga, kule nyumba ya pili kutoka msikitini. Mimi na wewe tuko jikoni na wanawake wengine, mimi napepeta mchele. Mmoja, jina silitaji, amani iwe kwake, akanirushia neno, "Zuhura hodari, wenziwe wanafanya akika, yeye anazipika." Wanawake wakacheka. Nilizoea. Niliinamisha kichwa nikaendelea kupepeta.

Wewe ukaweka mwiko chini. Ukajifunga kanga vizuri, ukasema, "Sikilizeni. Huyu mtoto ni mzima. Amepimwa, mzima. Kasoro iko kwa mwanangu, na mwanangu nimemzaa mimi. Mwenye neno la kusema, aje kwangu, mimi ndiye mwenye mali." Pilau linachemka. Kisha ukanigeukia mimi, "Na wewe nyanyua kichwa, mchele unamwagika."

Baadaye ndipo nikajua kwamba asubuhi ile ulimwomba Hamadi ruhusa, na yeye akakwambia, "Waambie, Mama. Nimechoka kumwona anabeba mzigo wangu." Sijui ni nani kati yenu wawili alikuwa jasiri zaidi. Mimi tangu siku ile nilikusamehe kamba ya nguo, makombe, na yule mke wa pili ambaye hakuja. Sikukwambia. Nilikuwa naona haya. Sasa nimekwambia.

Yaliyofuata unayajua, ila nayaandika kwa sababu napenda kuyakumbuka. Wale madaktari wa Dar wakamwuliza Hamadi kama yuko tayari kutoa damu na kipande kidogo cha ngozi ya mkono, kiingie kwenye utafiti. Daktari Neema alikuja mpaka hapa barazani kutueleza. Akasema watachukua seli za ngozi, watazirudisha nyuma mpaka ziwe seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua ziwe nini, kama zile za mtoto anapoanza kutunga tumboni. Halafu watazisukuma pole pole zielekee kuwa seli za kutengeneza mbegu za kiume, na watazame zinakwama wapi. Kwa sababu ndani ya mwili wa Hamadi huwezi kutazama. Jambo lenyewe lilikwama kabla hajazaliwa, au angali mchanga.

Ukamwuliza, "Kwa hiyo mtaniletea mjukuu?"

Akasema, "Hapana, Mama. Hatutengenezi mtoto, na karatasi atakayotia saini inasema hivyo. Tutaleta sababu."

Ukasema, "Basi leteni sababu. Na hiyo nayo sijawahi kuwa nayo."

Hamadi alikwenda kumwuliza sheikh kwanza. Sheikh akauliza maswali mengi kuliko daktari, mwisho akasema kama hakuna mtu anayetengenezwa wala nasaba inayochanganywa, kutafuta kujua maradhi si haramu. Hamadi akatia saini. Kovu la mkono ule bado analo, dogo kama punje ya mtama, na analionyesha kwa kila mtu. Seli zake zikapanda ndege kwenda maabara ya ng'ambo. Ukatangaza mtaa mzima, "Mwanangu hajafika hata Tanga, ngozi yake iko Ulaya."

Mwaka ukapita. Daktari Neema akatuita Kilindoni, akasema katika damu ya Hamadi wameona mahali panapotia shaka. Herufi moja imekaa sipo, katika sehemu ya vinasaba ambayo mwanamume anaipata kwa mama yake tu. Lakini herufi za ajabu ajabu kila mtu anazo, na nyingi hazimdhuru mtu, kwa hiyo ni zile seli ndizo zitakazosema kama hii ndiyo yenye makosa. Kisha akakuuliza, "Mama, upande wako kuna mwanamume mwingine ambaye hakupata mtoto?"

Ukasema hakuna.

Njia nzima ya kurudi Kirongwe hukutia neno. Wewe! Nilidhani unaumwa. Tulipofika ukavua viatu, ukakaa, ukasema, "Nimesema uongo. Yupo Shomari."

Mimi nilikuwa na miaka tisa ndani ya nyumba hii na sikujua kama una kaka. Ukanieleza siku ile. Kaka yako wa tumbo moja, Mjomba Shomari, alioa mara tatu na mara tatu aliachana, na kila mke alipokwenda kwa mume mwingine akazaa. Wazee wakasema amekosa radhi za baba yenu, kwa sababu waligombania shamba la mikorosho. Na wewe uliamini. Wewe ndiye uliyemwambia kwa mdomo wako, "Umejilaani mwenyewe, usinitie nuksi mimi na mwanangu." Akahama, akaenda kuishi kijiji cha Kanga. Hamkuonana tena.

"Na sasa," ukaniambia, "nuksi ilikuwa kwangu mimi. Mimi ndiye niliyembebea mwanangu."

Ulilia, Mama. Mara ya kwanza kukuona unalia. Sikujua nifanye nini, nikaleta chai.

Kesho yake tukapanda bodaboda mbili kwenda Kanga. Yule wa kwako ulimgombeza njia nzima kwa mwendo, na yeye alikuwa anakwenda taratibu kuliko wa kwangu. Mjomba alikuwa anamenya muhogo. Alikuona, akaendelea kumenya. Ukasimama jua kali mpaka ukamaliza kusema yote, radhi, herufi, ngozi ya Ulaya, yote mchanganyiko, ukamwomba akusamehe na akubali kutoa damu. Alimaliza muhogo wa mkononi. Akasema, "Miaka yote hii hujaniletea hata kikombe cha maji. Leo umekuja, unataka damu."

Nilidhani atatufukuza. Lakini yeye mwenyewe alipojisikia alivyosema, mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Na wewe ukacheka, huku kanga iko machoni. Nilibaki nimesimama katikati yenu kama mgomba. Alikuwa na kicheko chako, Mama, kile kinachoishia na kikohozi. Tulikula muhogo kwa chumvi, na wiki ile ile akatoa damu, na wewe ukatoa ya kwako.

Mlipata miezi mitano. Alikuwa anakuja kila Jumapili na mfuko wa korosho. Baada ya Idi kubwa presha yako ikapanda, na... hapo sitaandika. Unapajua. Niliingia na waoshaji. Nilitaka mikono yangu iwemo.

Sasa majibu.

Alitupigia Daktari Neema mwezi uliopita. Tulikwenda watatu: Hamadi, mimi, na Mjomba Shomari aliyevaa kanzu na koti kama anakwenda kuhukumiwa. Daktari alianza kwa kutupa pole yako tena. Akasema zile seli za Hamadi walizirudisha wakazikuza vizuri, wakazisukuma, zikaenda hatua za mwanzo kisha zikakwama, na nyingi zikafa pale pale. Wakarudia, na kila mara zinakwama mahali pale pale. Halafu wakachukua nyingine za Hamadi huyo huyo, wakasahihisha ile herufi moja, hiyo tu, jingine hawakugusa. Mama, zikapita. Hazikufika mwisho, akasema, kwa sababu mpaka leo hakuna maabara inayoweza kuzifikisha mwisho, lakini pale zilipokuwa zinakufa zikapita zikaendelea.

Na damu ya mjomba ina herufi ile ile. Na yako pia unayo, ila wewe ulikuwa na nakala ya pili iliyo nzima, kwa hiyo haikukugusa. Mwanamume ana nakala moja, akipata ile yenye kasoro hana ya akiba.

Hamadi aliuliza swali moja tu. "Mama alikosea nini?"

Daktari Neema akasema, "Hakukosea. Alipewa na mama yake kama alivyopewa pua." Uliogopa wewe ndiye mwenye nuksi. Hakuna nuksi. Ndilo nililotaka ulisikie kuliko yote katika barua hii, na ndiyo maana nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Alituonyesha na picha kwenye simu. Madoadoa meupe yameshikana. Nilimwuliza Hamadi anaona nini, akasema, "Povu la tui." Daktari wa watu alicheka mpaka akafuta miwani.

Ila mjomba hakucheka. Alinyanyuka, akasema, "Daktari, hayo uliyosema, niandikie. Kwa Kiswahili. Na muhuri." Daktari akamwuliza anataka aandike nini hasa. "Andika kwamba sikulaaniwa."

Akaandika, Mama. Akaweka maneno ya kitabibu juu, na chini akaandika kwamba hali hii mtu anazaliwa nayo, haisababishwi na tendo lolote la mgonjwa wala la mzazi wake. Muhuri ukapigwa. Mjomba akaenda dukani hapo Kilindoni akaitia karatasi kwenye plastiki ngumu, isilowe. Sasa anakwenda nayo Kanga nzima. Anaisoma kwenye kahawa, anaisoma baada ya swala, wanaume wazima wanamwambia tumeshasikia Shomari, anasema hamjasikia vizuri. Na, Mama, kuna wanaume wawili wamemfuata pembeni, kimya kimya, wakamwuliza huyo daktari anapatikana siku gani.

Kuna habari nyingine. Kaa vizuri.

Mjomba ameoa. Naam! Jumamosi iliyopita. Bi Tatu, mjane, watoto wake watano wote wana kwao. Mjomba alikwenda na karatasi yake kumposa, akamsomea kabla hajaketi, ili asije akasema alidanganywa. Bi Tatu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi wangu nimeshawazaa, Shomari. Nataka mtu wa kugombana naye chai ikipoa." Akaolewa kwa neno hilo.

Dada wa bwana arusi alitakiwa, na dada hayupo. Wakanitazama mimi. Basi nilivaa ile kanga yako ya kisutu, nikasimama mlangoni, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza. Hamadi alikuwa anagawa pilau, akanitazama tu. Kwenye sahani yangu akaweka nyama mbili.

Unataka kujua kuhusu sisi. Mtoto hatutapata kwa njia hiyo, Mama. Daktari ametueleza wazi. Labda miaka mingi ijayo watu kama Hamadi watasaidiwa kwa sababu ya seli hizi, lakini si sisi. Kuna siku naumia. Juzi nimeuza vitumbua kwa mama mwenye mapacha, nikamrudishia chenji mara mbili. Lakini nyumba ni nyepesi. Hatuulizani tena kasoro ni ya nani. Hamadi ananichokoza, anasema kule ng'ambo kuna friji lina watoto wa ngozi yake, na mimi ndiye mama wa kambo.

Wifi Mwajuma amekuja kutoka Utende, tumekaa naye, tumemweleza. Huenda na yeye amebeba herufi yako, na kijana wake huenda amepata, huenda hakupata. Alitaka tunyamaze. Nikamkatalia. Nikamwambia tulivyonyamaza, kaka na dada walikosana maisha.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, na Hamadi nilimwuliza jana, akakubali kwa kichwa. Kijana wa Mwajuma akikua, nitamwambia mimi mwenyewe, mchana, kwa maneno ya kawaida, kabla hajaoa. Wasichana wake pia. Mke atakayeingia kwenye ukoo huu atajua kila kitu siku ya posa, na akiniuliza nani alianza kusema hadharani, nitamtaja Bi Mwanahamisi wa Kirongwe, aliyeweka mwiko chini.

Lala salama, Mama yangu. Mungu akupe nuru huko. Hamadi ameshuka mnazini, anataka chai, na anasema nikusalimie, kisha amegeuka upesi ili nisimwone uso.

Ijumaa hii hatuji peke yetu. Mjomba Shomari amesema atakuja kukusomea Yasini kwa sauti yake mwenyewe. Anakuja na mkewe.

Wako,
Zuhura, mwanao